Miwa Iliyopita Miezi Ishirini na Minne

Habari za kifo cha Bwana Andayi zilinipata katikati ya mkutano. Tulikuwa watu saba mezani, hapa Nairobi, na kijana mmoja wa kikosi changu alikuwa akieleza kwa nini wagonjwa kadhaa wa hospitali inayotumia mfumo wetu walifika kliniki wakaambiwa majina yao hayapo. Ni kijana mzuri, kazi anaijua, nilimwajiri mwenyewe. Alikuwa amesimama, mikono mfukoni, akasema, "Madam, si sisi. Sistimu ndiyo imewaruka." Simu yangu ikatetemeka juu ya meza. Nikasoma: mzee ametutoka, mazishi ni Jumamosi, nyumbani Isecheno. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikamwomba yule kijana arudie alichosema. Akarudia. Nikamwambia, kwa sauti ambayo wenzangu waliniambia baadaye kwamba iliwatisha, "Nitajie aliyeandika huo mstari." Hawakujua kwamba swali hilo nilikuwa nimeulizwa mimi miaka mingi kabla wao hawajazaliwa, na kwamba sikulijibu.

Nyumba ya Andayi iko mahali msitu unapokomea. Hata wakati wa maombi tulikuwa tukisikia mbega wakirukaruka matawini, na watoto walikuwa wakigeuza shingo kuwatazama badala ya kufumba macho. Mjane wake alinishika mkono, akaniomba niseme neno kwa niaba ya watu waliofanya kazi na mumewe kiwandani. "Wewe ndiye alikuwa anakutajanga," akaniambia. "Anasema, Loise nilimfundisha mimi." Nikasimama, nikaeleza jinsi alivyofika kazini kabla ya kila mtu, jinsi alivyovaa koti la baridi mchana wa jua kali, jinsi alivyosoma maandishi ya programu kwa rula, mstari kwa mstari, kama mtu anayesahihisha mtihani. Yote yalikuwa kweli. Lakini kuna mwaka mmoja niliouruka, na nilipokaa chini nilihisi nimerudia kitu kile kile nilichokifanya mbele yake nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimenyamaza, na watu wamenishukuru.

Sitaeleza nilikozaliwa wala nilivyosoma. Inatosha kusema kwamba nilifika kiwanda cha sukari nikiwa na cheti kipya na jozi mbili za viatu, wakati ambapo sukari ilikuwa imepindua maisha ya upande ule wa Kakamega juu chini. Miwa ilikuwa imepandwa mpaka kwenye kuta za makanisa. Matinga yalipita mchana kutwa yakivuta trela zilizojaa hadi juu, na wanawake waliokuwa wamezoea kuanika nguo nje walijifunza kuzianika ndani, kwa sababu majivu meusi yalishuka kutoka kwenye mabomba ya kiwanda kama mvua nyepesi. Harufu ya molasi iliingia kwenye mkate, kwenye shuka, kwenye nywele. Kila aliyekuwa na kipande cha ardhi alikuwa akijenga, au amenunua redio, au amehesabu miezi iliyobaki kabla ya kujenga. Tatizo lilikuwa moja tu: miwa iliyopandwa ilikuwa mingi kuliko kiwanda kilivyoweza kusaga. Ndiyo maana kukawa na chumba chetu.

Wafanyakazi wa kiwanda walikiita "kwa barafu." Kilikuwa na mashine ya kupoza hewa iliyonguruma siku nzima, sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili nyaya zipite chini, na dirisha moja la kioo ambalo watu wa nje walizungumza nasi kupitia tundu lake. Viatu tulivivua mlangoni. Chai hatukuruhusiwa kuingia nayo. Tuliinywa tumesimama kwenye ukumbi, mimi na Andayi, mkuu wangu, na dada wawili walioingiza data kwenye mashine, tukitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto hadi miwani ya Andayi ikajaa ukungu. Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na printa ilipoanza kuchapa ilitubidi kupiga kelele ili tusikilizane. Kazi kubwa ya kompyuta ilikuwa orodha ya kukata miwa. Kila ploti, yaani kipande cha miwa cha mkulima, ilikuwa na namba yake na mwezi iliopandwa au kukatwa mara ya mwisho. Programu ilihesabu umri wa miwa, ikapanga ploti kwa zamu, na kila Ijumaa maofisa wa mashamba walikuja dirishani kuchukua kurasa zao. Ploti isiyokuwa kwenye karatasi haikukatwa. Hakukuwa na njia nyingine.

Nilipanga chumba Musanda, kwa mama mmoja aliyeitwa Mama Makokha, mjane mwenye sauti nzito na mikono mikubwa. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne, lakini paa la mabati lilifunika viwili tu, changu na cha kulala kwake. Sebule na chumba cha nne zilikuwa kuta tupu zilizofunikwa kwa turubai, zikingoja miwa ikatwe ili zimaliziwe. Tulikula sebuleni chini ya turubai lile, obusuma, ugali wa huko, na mboga za tsisaka, na upepo ulipovuma lilipigapiga juu ya vichwa vyetu. Nilipofika, miwa yake ilikuwa na miezi ishirini. "Karibu tu," alikuwa akiniambia. "Karibu tu, Roise, uone nyumba." Jina langu hakuwahi kulitamka kwa "l" hata siku moja, na mpaka leo nikisikia mtu akilitamka hivyo ninageuka kumtazama.

Miezi michache ya kwanza Andayi alinipa kazi ya kuiongezea programu ile sheria mpya. Miwa iliyoungua haiwezi kungoja. Baada ya siku chache utamu wake unaharibika. Kwa hiyo ploti iliyoripotiwa kuungua ilitakiwa kuruka foleni na kwenda juu kabisa ya orodha. Niliifanya kwa furaha. Na nilipokuwa ndani ya ile programu nikaona kitu kingine: baadhi ya kumbukumbu zilikuwa na makosa, mwezi umeandikwa vibaya, mwaka umekosewa, mpaka kuna ploti zilizoonekana kuwa na miwa ya miaka tisa. Nikaona nisafishe. Nikaandika mstari mmoja mfupi: ploti yenye miwa iliyopita miezi ishirini na minne, iweke kando, maana hiyo lazima ni kosa la karani. Nilikusudia ploti hizo zichapwe kwenye ukurasa wake ili zikaguliwe. Sehemu hiyo ya kuchapa nikaiacha kwanza, nikasema nitaiandika wiki inayofuata. Andayi alikuwa na homa siku hiyo. Alitazama ukurasa wa juu wa maandishi yangu, akatia saini, akaenda nyumbani. Wiki inayofuata ikaja na kazi zake.

Jumapili baada ya kanisa majirani walikuwa wakikusanyika kwa Mama Makokha, wanaume kwa wanawake, na mazungumzo yalikuwa ni miwa. Waliniuliza maswali kuhusu kompyuta, nami nilipenda kuulizwa. Niliwaeleza kwamba miwa iliyoungua sasa inakwenda mbele. Niliwaeleza jinsi umri unavyohesabiwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Na mtu akiwa na rafiki huko ndani, si anapelekwa mbele?" Nikacheka, nikamjibu, "Kompyuta haina rafiki, mzee. Haijui huyu ni nani na yule ni nani. Kama jina halijatoka, shida iko kwa watu, haiko kwa mashine." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kizuri cha nyumba ile, kikombe mkononi, na wote walikuwa wameniinamia kusikiliza. Nimesimama kwenye majukwaa mengi tangu hapo, lakini sidhani nimewahi kusikilizwa vile tena.

Ofisa wa mashamba wa upande wetu alikuwa Bwana Wangatia, mtu mwembamba, mpole, aliyezunguka na pikipiki ya kiwanda na kofia ya chuma iliyomzidi kichwa. Mwezi wa pili wa kiangazi alikuja dirishani siku ambayo haikuwa Ijumaa. "Binti," akasema kupitia lile tundu, "kuna ploti zangu hazitoki. Nangoja, nangoja, hazitoki. Na ni za zamani." Alikuwa ameziandika kwenye kipande cha karatasi, namba kumi na kitu. Nikaenda kwenye skrini, nikazitafuta moja baada ya nyingine kwenye kumbukumbu. Zote zilikuwamo. Nikarudi nikamwambia, "Ziko ndani, Bwana Wangatia. Ngoja zamu." Akasimama kidogo kama mtu mwenye swali la pili. Kisha akavaa kofia yake akaondoka. Alirudi mara nyingine, na mara hiyo hata sikuinuka kitini. Nilimpa ishara kwa mkono kwamba ziko ndani.

Miwa ya Mama Makokha ikapita miezi ishirini na minne. Ikatoa maua, yale manyoya ya kijivu yanayopendeza kwa macho na kumtia mkulima uchungu, kwa sababu maana yake ni kwamba muwa umeanza kujila wenyewe ndani. Mazungumzo ya Jumapili yakabadilika. Sasa watu walizungumza kwa sauti ya chini, na nilipoingia walinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Nilikuwa chumbani kwangu nikipiga pasi niliposikia sauti ya mwanaume upande wa pili wa ukuta: "Huyu binti mwenyewe alisema. Kama jina halijatoka, shida iko kwa watu. Sasa mtu ni nani hapa? Si ni Wangatia?" Mwingine akasema Wangatia amekula kitu, ndiyo maana ploti za wengine zinapita. Mwingine akasema amemwona mkewe na kitambaa kipya. Nilisimama na pasi mkononi mpaka nikanusa nguo ikiungua. Sikwenda kusema lolote. Nilijiambia kwamba huenda ni kweli amekula.

Wakapeleka malalamiko kwa meneja, na Wangatia akasimamishwa kazi akingoja kusikilizwa. Pikipiki ilichukuliwa. Nilimwona barabarani akitembea kwa miguu, na vijana waliokuwa juu ya trela walimwimbia wimbo wa kumwita mwizi. Hakugeuka. Mama Makokha alikuwa ameandika barua mbili, amekwenda ofisi ya mashamba mara tano, amesimama kwenye jua. Wiki hiyo alianza kuwa mkimya. Alinipakulia chakula bila kuniuliza habari za kazi.

Jumamosi yake, mchana, nilikuwa nikifua nyuma ya nyumba nilipomwona akitoka kwenye miwa yake akiwa na leso kichwani na kiberiti mkononi. Alinitazama usoni, hakukificha. Nyuma yake kulikuwa na moshi mwembamba. "Mama, umefanya nini?" nikamuuliza. Akasema, "Nimeandika, nimeenda, nimeomba. Wewe si ulisema moto ndio mnasikianga? Basi leo watasikia." Alikuwa amekata njia ya kuzuia moto kuzunguka ploti, kazi ya wiki nzima ambayo mimi nilidhani ni palizi. Lakini saa nane upepo uligeuka. Moto ulipanda juu ya maua yale makavu, ukaruka njia ile kama haipo, ukashika turubai la sebule. Sauti yake ilikuwa ya risasi, miwa ikipasuka mafundo. Watu walikuja mbio na matawi mabichi na ndoo. Mama Makokha aliingia kwenye ile sebule kulivuta turubai lisianguke upande wa vyumba vyenye paa, na likamwangukia mkononi, plastiki iliyoyeyuka, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia vile. Tulimpeleka hospitali nyuma ya tinga la jirani, kichwa chake mapajani mwangu, na njia nzima alikuwa akirudia kitu kimoja: "Andikisha, Roise. Andikisha ploti imeungua. Wakuje waikate."

Nikaiandikisha mwenyewe. Jumatatu asubuhi nilifika kazini kabla ya Andayi, nikaiingiza namba ya ploti yake pamoja na alama ya moto, nikachapa orodha ya dharura. Ploti zilizoungua zilikuwa tatu. Karatasi ikatoka na mbili. Nikachapa tena. Mbili. Nikaangalia kumbukumbu: ploti ipo, alama ya moto ipo, miezi ishirini na mitano. Nikasoma ile namba ya miezi, na hapo, nikiwa nimevaa soksi kwenye sakafu ile ya baridi, nikaukumbuka mstari wangu. Sikuhitaji hata kuutafuta. Nilijua ulikuwa ukurasa wa nne na nilijua niliandika nini, na nikaelewa jambo lote mara moja: kwamba kila ploti iliyocheleweshwa ilikuwa ikisogea kuelekea mwezi ule, ikiufikia inatoweka, na kadiri mwenyewe alivyozidi kungoja ndivyo alivyozidi kutoonekana. Karani hakuwa amekosea. Watu walikuwa wamengoja kweli.

Nilichokifanya kwanza si kitu cha kujivunia. Niliufuta ule mstari kimyakimya, nikachapa orodha nzima upya, na ile karatasi ya mwanzo nikaikunja nikaiweka ndani ya sweta yangu. Printa ilichapa muda mrefu sana. Andayi alipoingia ilikuwa bado inachapa. Akaiinua karatasi, akaipima mkononi, akasema, "Hii imenenepa. Kwa nini?" Nikamjibu nimesafisha kumbukumbu. Akavaa koti lake, akatoa kabatini maandishi ya programu, nakala ile aliyoitia saini, akachukua rula, akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza, nami nikakaa kwenye skrini nikijifanya ninafanya kazi, nikisikia rula ikishuka. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne rula ikasimama.

"Ishirini na minne," akasema. "Kwa nini ishirini na minne?"

"Nilidhani hakuna miwa inayoweza kungoja kiasi hicho."

Akavua miwani. "Umewahi kungoja kitu wewe, Loise?"

Akafunua tena ukurasa wa juu, akaitazama saini yake pale chini, akaigusa kwa kidole. "Wewe uliandika. Mimi nikatia saini bila kusoma. Wangatia anasikilizwa Jumatano saa nane. Tutaenda wote wawili." Kisha akapiga simu ofisi ya mashamba kuagiza trela ziende Musanda siku hiyo hiyo, na akaagiza kwa jina la Mama Makokha, si kwa namba.

Siku mbili zile sikulala vizuri wala kula. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilikuwa nimeyasema mbele ya kioo, nimeyasema njiani, nimeyasema kando ya kitanda cha Mama Makokha alipokuwa amelala na mkono umefungwa bendeji. Jumatano nikaingia chumba cha meneja nimebeba karatasi, nikakaa karibu na mlango. Wangatia alikuwa upande wa pili, kofia magotini, amevaa suti ya kanisani. Mwakilishi wa wakulima alisoma malalamiko. Andayi akaomba kusema kabla ya Wangatia kujibu. Akaeleza kosa, kwa maneno mepesi, hakuacha kitu, hakuongeza kitu. Meneja akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani aliiandika hiyo programu?"

Andayi hakunitazama. Aliinamisha macho mezani, akangoja. Nimeufikiria mngojo ule maisha yangu yote, na sasa ninajua kwamba alikuwa akiniachia mlango wazi kwa makusudi. Wangatia ndiye aliyeinua uso akanitazama, maana alikumbuka dirisha na kile kipande cha karatasi. Maneno yangu yote yalikuwepo mdomoni. Nikatazama mbao za dari. Zilikuwa na doa la maji lenye umbo la jani. Sekunde zikapita, kumi, pengine kumi na tano, na kisha nikasikia sauti ya Andayi, ya taratibu, bila hasira: "Iliandikwa ndani ya chumba changu, na saini ni yangu."

Wangatia akarudishiwa kazi. Andayi akahamishiwa ofisi ndogo ya Kakamega mjini kutunza stoo ya fomu, mtu aliyekuwa ndiye pekee aliyeweza kuifungua mashine ile na kuirudisha. Siku aliyofunga vitu vyake nilimwomba msamaha kwenye ukumbi, tukiwa tumesimama na vikombe vya chai. Alisema, "Si mimi uliyenikosea zaidi," akamaliza chai, akaenda. Wiki mbili baadaye meneja akaniita. Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye niliyegundua kosa na kulirekebisha. Akanipa chumba kile nikisimamie. Ndivyo nilivyoanza uongozi. Watu huniuliza kwenye makongamano nilianzaje, na nimekuwa nikijibu kwamba nilipata nafasi mapema.

Mama Makokha alifurahi kuliko mtu yeyote. Alikuwa ametoka hospitali, mkono bado umefungwa, na akamwomba jirani amchinjie kuku kwa sababu mwenyewe hangeweza kumshika. Tulikula chumbani kwake, kwa kuwa sebule ilikuwa kuta nyeusi. Ingokho ile ilikuwa imepikwa taratibu, supu imenona, na alipopakua akatafuta kwa kijiko mpaka akaipata imondo, akaiweka kwenye sahani yangu. Kwa desturi ya huko imondo, yaani firigisi, ni ya mwenye nyumba, mwanaume. Hata mgeni mwanamke hapewi. "Leo wewe ndiye mkubwa hapa," akaniambia. Niliitazama ikiwa kwenye sahani. Nikajaribu kuikata. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mstari, dirisha, maneno yangu ya Jumapili, Jumatano, dari. Alisikiliza bila kutafuna. Nilipomaliza aliutazama mkono wake muda mrefu, kama anaona bendeji ile kwa mara ya kwanza.

"Wangatia anajua?" akauliza.

"Anahisi. Sijamwambia."

"Na bibi yake? Na hawa watu wanasemanga ni mwizi mpaka leo, ati kampuni ilimfichia tu, wanajua?"

"Hapana, mama."

"Sasa mimi unaniambia ili nikufanyie nini?" Akafunika sufuria. Hakuichukua ile firigisi, na hakuniambia niile.

Nilikwenda kwa Wangatia kesho yake baada ya kazi. Hakunikaribisha ndani. Tulisimama uani, mkewe akipepeta maharagwe mgongo ukiwa umetugeukia, na nikasema nilichokwenda kusema. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Binti, kazi nilirudishiwa. Lakini kanisani mke wangu anakaa benchi peke yake. Watoto wake wanaimbiwa. Meneja hawezi kuniondolea hayo." Akageuka kumtazama mkewe. "Alhamisi kuna baraza la wakulima, ukumbi wa shule. Kama una la kusema, waambie wale." Nilimwandikia meneja pia barua wiki hiyo, ili Andayi arudishwe. Nilijibiwa kwamba suala lile lilishafungwa. Andayi alikaa kwenye stoo ya fomu mpaka alipostaafu. Nilimtembelea mara nyingi, tukawa marafiki wa aina yake, akanifundisha mengi kati ya makabati yale, lakini hakuna siku ambayo mmoja wetu aliutaja ule mngojo.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wanaume walisimama kando ya kuta, wanawake wakakaa kwenye mabenchi ya wanafunzi, magoti juu. Mkewe Wangatia alikuwa benchi la mbele, peke yake, watu wameliruka lile benchi na kubanana nyuma. Wangatia mwenyewe alisimama dirishani. Mwenyekiti aliposema binti wa kiwanda ana tangazo, nikatembea mpaka mbele. Nikaanza. Nikaeleza kuhusu ploti zilizorukwa, nikasema kwamba Bwana Wangatia hakuzificha, kwamba alikuja mara mbili kuziulizia. Nikasema kulikuwa na hitilafu. Nikasema kompyuta ilikosea kuhesabu. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa laini, jinsi yalivyoteleza, na bado nikaendelea kuyasema.

Mama Makokha akasimama katikati ya ukumbi. Mkono wake uliofungwa ulikuwa kifuani. "Roise," akasema, na sauti yake ile nzito ikafika kila mahali. "Hiyo kombuta iliyokosea. Ni nani?"

Watu wengine wakacheka, wakidhani mama mzee haelewi. Yeye hakucheka. Alinitazama, akangoja, na safari hii hakukuwa na mtu mwingine wa kujibu.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika ziondolewe. Bwana Wangatia aliniuliza, nikamwambia angoje. Mlipokuwa mkimwita mwizi nilisikia, nikanyamaza. Ni mimi, Loise."

Kelele iliyozuka siwezi kuieleza. Mtu mmoja alinyanyuka akanielekea, wakamshika. Mwingine alinitajia shamba lake, ukubwa wake, na kilichotokea nalo, akakaa chini akiwa analia. Mwenyekiti alikuwa akigonga meza. Mimi nilikuwa nikimtazama mkewe Wangatia, kwa kuwa sikujua pengine pa kutazama. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, macho mbele. Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akainuka, akajipenyeza katikati ya magoti ya watu, akaja akakaa kando yake bila kusema neno. Akafuata mwingine, na mtoto mgongoni. Akaja wa tatu, akamwambia wa pili asogee. Mpaka mwenyekiti alipofaulu kunyamazisha ukumbi, lile benchi lilikuwa limejaa, na mkewe Wangatia alikuwa ameziba uso kwa leso, mabega yake yakitikisika, amebanwa pande zote mbili.